Tufe na Ramani Mbili za Ukutani: Tathmini ya Seti ya Jiografia kwa Darasa la Tatu na la Nne

Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeifanya Jiografia na Mazingira kuwa somo linalojitegemea kuanzia Darasa la Tatu, baada ya miaka kadhaa ya mada zake kufundishwa ndani ya Maarifa ya Jamii. Kwa sababu hiyo walimu wengi wa shule za msingi za Tanzania wanatafuta zana za kufundishia ramani watoto wa miaka minane na tisa, na madukani wanakutana na seti kama hii ninayoitathmini hapa. Ina tufe la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 30, ramani ya dunia ya ukutani, ramani ya Tanzania yenye skeli ya 1:2,000,000, na kijitabu cha mwongozo wa mwalimu. Shule yetu ya mjini Morogoro iliinunua kwa ajili ya madarasa mawili yenye wanafunzi zaidi ya 60 kila moja, na nimeitumia vya kutosha kuweza kusema kwamba vitu hivi vinne havilingani hata kidogo kwa manufaa, ingawa duka linaviuza kwa bei moja kana kwamba vinalingana.

Kilicho bora kuliko vyote ni ramani ya Tanzania. Imechapwa kwenye karatasi nzito iliyofunikwa kwa plastiki, hivyo mwanafunzi anaweza kuandika juu yake kwa kalamu ya ubao mweupe kisha akafuta, jambo ambalo peke yake linaigeuza ramani kutoka pambo la ukutani kuwa kitu cha kufanyia kazi. Kwa skeli hiyo, sentimita moja ni kilomita 20, na nchi yetu kutoka kaskazini hadi kusini ina urefu wa takriban sentimita 60. Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni karibu sentimita 9, urefu ambao mtoto anaweza kuupima kwa rula yake mwenyewe, akazidisha kwa 20, akapata umbali unaofanana na anaousikia kwa watu waliosafiri. Hapo ndipo skeli inapoacha kuwa tarakimu zilizoandikwa pembeni. Mikoa yote 31 imo, 26 ya Tanzania Bara na 5 ya Zanzibar, na Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 umeonyeshwa mahali pake. Hili si jambo dogo, kwa maana bado zinauzwa ramani zilizochapwa kabla ya mwaka 2012 ambazo hazina Geita, Katavi, Njombe wala Simiyu, na mtoto wa Bariadi akiletewa ramani hiyo hatauona mkoa wake.

Nilichokipenda zaidi ni mito. Kwetu Morogoro Mto Ngerengere ni kitu ambacho kila mtoto anakijua kwa macho, lakini wachache wanajua unakokwenda. Kwenye ramani hii wanaufuata kwa kidole kutoka Milima ya Uluguru, wanapita Bwawa la Mindu, wanafika unapoungana na Ruvu, kisha wanaendelea na Ruvu hadi Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Wanapoambiwa kwamba sehemu kubwa ya maji ya bombani ya Dar es Salaam yanatoka katika Mto Ruvu, wanaelewa bila kuhubiriwa kwa nini kufyeka msitu wa Uluguru ni jambo linalowahusu watu wanaoishi mbali na mlima huo. Somo linaitwa Jiografia na Mazingira, na sijaona mahali ambapo sehemu zake mbili zinaungana vizuri kuliko kwenye mstari huo mwembamba wa buluu.

Hata hivyo, ramani hiyo ina kasoro ambayo mwalimu asipoijua itawapotosha wanafunzi wake kwa muda mrefu. Rangi zake zinaonyesha mwinuko wa ardhi: kijani ni nchi tambarare iliyo karibu na usawa wa bahari, njano ni ya kati, na kahawia ni milima. Mtu mzima aliyezoea ramani halioni tatizo, lakini mtoto wa Darasa la Tatu anaamini kwamba kijani maana yake ni majani na miti, na kahawia maana yake ni ukavu. Kwa watoto wa Morogoro mgongano huu uko wazi kabisa, kwa kuwa Uluguru kwenye ramani ni ya kahawia, ilhali wakichungulia dirishani wanaiona imevaa msitu na mawingu. Ufunguo wa ramani unaeleza maana ya rangi kwa maandishi madogo mno, na kwa maneno ambayo mtoto hayafahamu. Ninachofanya ni kuwatoa nje waitazame milima kwanza, kisha warudi kwenye ramani waulize wenyewe kwa nini rangi hazifanani. Swali hilo, likitoka kwao, linafundisha kazi ya ufunguo kuliko maelezo yangu yoyote. Lakini mtengenezaji angeweza kutusaidia sana kwa kuikuza sehemu ya ufunguo na kuweka mchoro mdogo wa mlima uliogawanywa kwa rangi hizo.

Kasoro nyingine ni maziwa, ambayo yote yamepakwa buluu moja. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na limelingana rangi na Rukwa ambalo kina chake ni cha mita chache tu. Majina ya mikoa ya Unguja na Pemba nayo yamebanwa kiasi kwamba mwanafunzi aliyekaa safu ya pili hawezi kuyasoma. Kisanduku cha pembeni kinachovikuza visiwa hivyo kingetosha, na nafasi ipo, kwa sababu kona ya chini ya kulia imejazwa nembo na bendera.

Kabla sijaiacha ramani hii, ni lazima niseme kuhusu mahali pa kuitundika, kwa kuwa kijitabu hakisemi neno. Kwa kawaida ramani huwekwa karibu na ubao, ubao uwe upande wowote. Mtoto anayesoma ramani iliyo kwenye ukuta wa kusini ameelekea kusini, kwa hiyo mkono wake wa kulia uko magharibi, ilhali upande wa kulia wa ramani ni mashariki. Anafundishwa pande kuu za dunia na ramani inayopingana na chumba alichomo. Ukuta unaofaa ni wa kaskazini, ambapo kulia kwa mtoto na kulia kwa ramani vyote ni mashariki. Bora zaidi kwa masomo ya mwanzo ni kuilaza sakafuni, kaskazini yake ikielekea kaskazini, watoto wakaizunguka na kuonyesha kwa mikono Dodoma iko wapi, bahari iko wapi, Kigoma iko wapi. Ikiwa sakafuni, inazuia pia ile dhana ya kwamba kaskazini ni juu na kusini ni chini, dhana inayomfanya mtoto akatae kwamba Mto Naili unatoka kwetu kwenye maziwa makuu na kwenda kumwaga maji Bahari ya Mediterania, kwa kuwa anaona maji hayawezi kupanda ukuta.

Tufe ni zuri kulitazama, na watoto wanalipenda mara moja. Kitako chake ni imara, na mhimili umeinama kwa nyuzi 23.5 kama inavyotakiwa. Lakini kwa ukubwa huo skeli yake ni takriban 1:42,000,000, maana yake ni kwamba Tanzania nzima haifiki urefu wa sentimita 3, na Morogoro na Dar es Salaam zimetengana kwa chini ya nusu sentimita. Kwa darasa la watoto 60 ni kifaa cha kupokezana kwa vikundi. Likiwekwa mezani mbele, walio nyuma wataona mpira wa buluu na basi. Milima yake imechongwa ikawa na vinundu vinavyoguswa kwa kidole, jambo linalowafurahisha watoto, ila si la kweli: kwa skeli hiyo Mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895 ungekuwa na kimo kisichofika hata robo ya milimita, na hakuna ambaye angeuhisi kwa kidole. Nyota ya makao makuu ya nchi bado imewekwa Dar es Salaam, ingawa uamuzi wa kuhamia Dodoma ni wa mwaka 1973. Sudan Kusini, iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, imo, lakini Eswatini imeandikwa kwa jina ililoliacha mwaka 2018.

Kazi moja tufe hili linaifanya vizuri kuliko kifaa kingine chochote nilichonacho, nayo ni usiku na mchana. Chumba kikifungwa madirisha na tochi ikimulikwa kutoka upande mmoja, mwanafunzi analizungusha polepole kutoka magharibi kwenda mashariki na kuiona Dar es Salaam ikiingia kwenye mwanga kabla ya Kigoma. Dunia hugeuka nyuzi 15 kwa saa, na miji hiyo miwili imetengana kwa karibu nyuzi 10 za longitudo, hivyo jua la Dar es Salaam hutangulia kuchomoza kwa takriban dakika 40, ingawa saa za ukutani katika miji yote miwili zinasoma sawa. Watoto wenye ndugu Kigoma hulishikilia jambo hili kwa muda mrefu. Kwa ajili ya misimu ya mwaka, sipendekezi kulitumia katika umri huu.

Hilo la misimu linanileta kwenye kijitabu, ambacho ni sehemu dhaifu kuliko zote. Kimeandikwa kwa Kiingereza na kwa mtoto anayeishi Ulaya. Kinazungumzia misimu minne na theluji, wakati mtoto wetu anaijua masika, vuli na kiangazi. Kinamwelekeza mwanafunzi asimame adhuhuri alitazame jua ili aijue kusini, maelekezo ambayo ni sahihi kwa London na si sahihi kwa Morogoro, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Hapa jua la adhuhuri huwa upande wa kusini kuanzia karibu katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi tu, na miezi mingine yote huwa upande wa kaskazini. Kijiti kilichosimikwa uwanjani na kivuli kinachopimwa mara moja kila juma kingewafundisha watoto ukweli huu kwa vipimo vyao wenyewe. Mwongozo uliotungwa kwa ajili ya nchi za tropiki ungeanzia hapo.

Ramani ya dunia singeinunua. Imechorwa kwa makadirio (yaani njia ya kuihamishia dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa) ya Mercator ya mwaka 1569, yaliyobuniwa kuwasaidia mabaharia kushika uelekeo, na ambayo kadiri unavyosogea mbali na ikweta huzidisha ukubwa wa nchi. Greenland inaonekana kukaribia kulingana na Afrika, ilhali Afrika, yenye kilomita za mraba takriban milioni 30, ni kubwa mara 14 hivi. Niliwapa wanafunzi wa Darasa la Nne karatasi nyembamba, wakainakili Greenland kutoka kwenye tufe, wakaikata, wakaipanga juu ya Afrika ya tufe hilohilo, na baada ya hapo hawakuiamini tena ramani ya ukutani. Wako sahihi. Yapo makadirio yanayohifadhi eneo, yakiwemo ya Equal Earth yaliyotolewa mwaka 2018, na Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuachana na Mercator mashuleni. Mtengenezaji anayeuza ramani Afrika Mashariki hana sababu ya kuendelea kumwonyesha mtoto bara lake likiwa limepunguzwa.

Kilichokosekana kwenye seti ni ramani ya karibu. Kutoka mchoro wa darasa ambao mtoto ameupima kwa hatua zake hadi Tanzania yenye skeli ya milioni mbili ni mruko mkubwa mno, na hakuna kitu cha kuuziba: hakuna ramani ya mkoa, hakuna hata karatasi yenye miraba ya kuchorea uwanja wa shule. Katika madarasa yangu tufe halitolewi kabatini mpaka kila mtoto awe amechora njia ya kutoka nyumbani kwake hadi shuleni, akiweka jina la ramani, dira, ufunguo na fremu. Wale waliopitia hatua hiyo huuliza maswali ya maana wanapoliona, na wale waliohamia katikati ya muhula huishia kulizungusha.

Shule yenye uwezo inaweza kuichukua seti yote kwa ajili ya ramani ya Tanzania na tufe. Kama duka linakubali kuuza kimoja kimoja, chukua ramani ya Tanzania kwanza, baada ya kuitafuta Songwe kwa macho yako. Shule isiyo na uwezo huo ina njia ambayo tayari inatumika katika shule nyingi nchini, nayo ni kuichora ramani kwa rangi ya mafuta ukutani. Chagueni ukuta ambao anayeutazama ameelekea kaskazini, na mchore kwa skeli ya 1:500,000, ambapo sentimita moja ni kilomita 5 na nchi nzima itachukua karibu mita 2 na nusu kwenda juu. Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam itakuwa takriban sentimita 36, na hata aliyekaa safu ya mwisho ataweza kuifuata Ruvu mpaka baharini.