Ziara ya mtaa wa Wayahudi, Rhodes: nilivyozuiwa mlangoni

Huduma ya kuongozwa katika mtaa wa Wayahudi wa mji mkongwe wa Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, jinsi nilivyouziwa mimi, simpendekezei mtu yeyote. Babu yangu mzaa baba alizaliwa katika vichochoro vile, akaondoka akiwa kijana wakati kisiwa kikiwa bado mikononi mwa Waitalia, akawafuata ndugu zake waliokuwa wamefungua duka Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, Kongo. Huko akamwoa bibi yangu, Mluba, na mimi sura nimeichukua kwa bibi. Nyumbani hakuna anayeliona hilo kuwa jambo la kuulizia.

Kwenye Uwanja wa Mashahidi wa Kiyahudi, penye chemchemi ya farasi wa baharini wa shaba, umesimama mnara mweusi wa kuwakumbuka watu ambao Wajerumani waliwapakia melini Julai 1944. Walichukuliwa zaidi ya watu 1,600 kutoka kisiwa hiki, wakapitishwa bandari ya Piraeus, wakaingizwa katika mabehewa ya mizigo hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz, na waliookoka walikuwa 150 hivi. Dada zake babu hawakuwamo katika hao waliookoka. Mwongozaji wetu aliugeuzia mnara mgongo akatueleza ni mkahawa upi wenye samaki wazuri. Nilipomwomba atusomee maandishi yake, yaliyochongwa kwa lugha kadhaa kikiwemo Kihispania cha Kiyahudi ambacho babu alikirudia kila alipokasirika, alijibu kwamba muda hauruhusu, huku watu wakiendelea kupiga picha za chemchemi.

Hilo ningeweza kulimeza. Tulipofika Kahal Shalom, sinagogi lililojengwa mwaka 1577, akasimama mlangoni, akawapitisha wenzangu mmoja mmoja, kisha akaninyoshea kiganja: "Bibi, wewe subiri kidogo, ndani ni padogo, na tunawatanguliza wale ambao familia zao zilitoka hapa." Katika kundi lile lote, mwenye familia iliyotoka hapo nilikuwa mimi peke yangu. Nilimwambia hivyo kwa sauti ya adabu. Akatabasamu, akasema wageni wengi hupenda kusema hivyo, akaingia na kuniacha kichochoroni na tiketi mkononi. Sijui kama nimewahi kudhalilishwa kiasi kile, na aliyenidhalilisha nilikuwa nimemlipa.

Aliyeniingiza ni mzee mmoja mgeni, mwenye fimbo, ambaye bila shaka alikuwa ameyasikia yote. Alinisalimu: "Jambo, mama. Unatoka wapi?" Nikamjibu kwamba natoka Lubumbashi. "Na miye nilizaliwaka kule," akasema, kwa Kiswahili kilekile cha mtaani kwetu, akanishika mkono. Tukavuka sakafu ya kokoto nyeusi na nyeupe, zilizopangwa moja moja kwa ubavu na kulainishwa na nyayo za miaka mingi, hadi kwenye bamba lenye majina ya koo zilizoangamizwa. Akaniuliza ukoo wangu, akapitisha kidole chake kwenye orodha, akakisimamisha juu ya jina letu. "Papa, ni hilo," nikamwambia, na sikuweza kuongeza neno.

Baadaye tulizunguka pamoja jumba la makumbusho lililoko ubavuni, katika vyumba ambamo zamani wanawake walikuwa wakisalia. Lilianzishwa mwaka 1997 na Aron Hasson, mwanasheria wa Los Angeles ambaye naye asili ya familia yake ni Rhodes. Wahudumu wa pale walinipokea kwa heshima iliyonishinda nguvu, nami nikatazama picha za harusi na za wanafunzi hadi macho yakachoka.

Basi nimeandika kwamba simpendekezei mtu ziara hii, na sasa naona mkono unasita, kwa sababu lau nisingezuiwa mlangoni huenda nisingekutana na mzee yule, na saa ile niliyokaa naye sitaibadilisha kwa safari nyingine yoyote. Lakini hapana. Wema wa mzee ni wa mzee, kampuni haina hisa ndani yake. Nilipowaandikia malalamiko walinijibu kwa kunipunguzia bei ya safari ya boti kwenda ufukweni, jibu lililonikasirisha kuliko kosa lenyewe. Sikutaka punguzo. Ninataka waongozaji wao wafundishwe kwamba watu wa Rhodes walitawanyika hadi Kongo, Rhodesia, Afrika Kusini, Argentina na Marekani, wakaoa na kuolewa huko, na kwamba wajukuu wao hawana rangi moja.

Mtaa wenyewe nendeni, tena nendeni bila kuongozwa, siku isiyo Jumamosi kwa kuwa siku hiyo makumbusho hufungwa, na mpeleke watoto wenu. Kampuni ile naipa nyota moja, kwa kuwa mfumo hauruhusu kuandika sifuri.