DEHNguard M TT 275 FM kwenye paneli ya kiwanda cha barafu, Malindi: misimu miwili ya masika

Mimi ni fundi wa umeme kwenye kiwanda cha barafu hapa Malindi, karibu na wanaposhusha samaki. Nataka kuizungumzia hii kinga ya saji (mruko wa ghafla wa volti, kama ule wa radi) ya Kijerumani niliyoifunga kwenye paneli kuu. Nitakwenda kwa urefu kidogo, kwa sababu kabla yake niliunguza draivu (kifaa cha kuendesha na kurekebisha kasi) ya mota ya kompresa huku naamini nina kinga.

Ilikuwa alfajiri ya masika. Radi ilipiga mara moja, umeme ukazima, ukarudi. Kompresa ikanyamaza. Nilipofungua draivu nilipokelewa na harufu kabla macho hayajaona kitu: kapasita imepasuka tumbo, masizi yametanda kwenye kadi. Nje nahodha ameshateremsha makasha yake, ana nguru wa usiku kucha.

"Fundi, barafu tayari?"

"Ami, leo hakuna."

Hakusema neno. Aligeuka akaanza kuita watu wa kuuza samaki hapo hapo kwa bei yoyote. Siku tisa hatukutoa hata bonge moja.

Ndani ya paneli ile kulikuwa na kinga ya chapa nyingine, na kidirisha chake cha kuonyesha hali kilikuwa kijani, yaani nzima, kama kawaida. Nikaiita feki. Nilikosea, na ndiyo maana siitaji. Aliyeifunga alikuwa mtu nadhifu mno: waya zilizozidi hakuzikata, alizizungusha duara akazibana kwa kamba za plastiki, zikapendeza. Nilizikunjua nikazipima. Kutoka kwenye fezi, kupitia kinga, hadi baa ya athi (kipande cha shaba cha kuunganishia waya za ardhini), sentimita 140.

Hapo ndipo palipoharibika. Saji hupanda ndani ya sehemu za milioni za sekunde, na kwa kasi hiyo waya ulionyooka tu unakuwa kizuizi. Mkondo ukipanda kiloampea moja kwa kila mikrosekunde, mita moja ya waya inaongeza kama volti 1,000. Kinga iliyoandikwa kilovolti 1.5, yaani volti inazoachia zipite, ikiwa na mita 1.4 ya waya, mashine inaonja karibu kilovolti 2.9. Na vifaa vingi vya kawaida kwenye mfumo wa volti 230/400 vimetengenezwa kuhimili kilovolti 2.5. Duara lile zuri linazidisha madhara zaidi. Kanuni ni nusu mita kwa jumla, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja.

Kwa hiyo hii mpya nilianza kwa kuitafutia mahali, ndipo nikainunua. Nilihamisha baa ya athi ikakaa chini yake kabisa, nikatumia waya wa milimita 16 za mraba, nikaishia na sentimita 43. Breka yetu kuu ni ya ampea 200, na kinga hii inataka fyuzi isiyozidi ampea 125 mbele yake, basi nikaiwekea fyuzi zake, zimegusana nayo ubavu kwa ubavu ili nisirudishe urefu nilioupunguza.

Herufi TT zisomeni kabla ya kutoa pesa. Maana yake athi ya jengo ni fimbo zako mwenyewe, haikuunganishwa na nyutro. Ndani kuna moduli (vipande vya kuchomeka na kuchomoa) tatu za oksidi ya zinki kati ya kila fezi na nyutro, na ya nne, yenye mwanya wa cheche, kati ya nyutro na athi. Fimbo zetu nilizipima wakati wa kaskazi, mchanga umekauka: omu 38, na hapa ndogo ndiyo nzuri. Nikapigilia mbili zaidi, nikafika 11. Kazi hii ilinitoa jasho kuliko paneli yenyewe, maana chini ya mchanga kuna mwamba wa matumbawe.

Mwezi wa Mei mwaka huu ngurumo zilirudi usiku. FM maana yake ina kontakti ya kupeleka ishara mbali, na mimi nimeiunganisha na taa ofisini. Asubuhi taa inawaka. Nikafungua paneli: vidirisha vitatu kijani, cha fezi ya kati chekundu, yaani moduli yake imekufa. Draivu nzima, kidhibiti kizima, barafu inaanguka kwenye hori. Alhamdulillahi. Nilizima, nikabonyeza kitufe, moduli ikachomoka bila kugusa skrubu hata moja, nikapachika ya akiba.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya hiyo 275, ambayo ndiyo volti ya juu inayoweza kuivumilia muda wote. Umeme wetu ni 240, na usiku wa manane nimewahi kusoma 258. Inatosha, ila nafasi iliyobaki ni nyembamba. Ukiwa mwisho wa laini yenye volti za kupanda na kushuka, tafuta ya 320 au zaidi, ukijua itaachia volti kidogo zaidi zipite.

Na msiitwike kazi isiyo yake. Nyutro ikikatika nguzoni, fezi moja inaweza kusogea karibu na volti 415 na kukaa hapo. Hiyo siyo saji, na kinga hii haitakuokoa. Weka rilei ya kuangalia volti ikate kontakta, ile swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye mashine. Vilevile hii ni ya daraja la 2, haikuundwa kubeba radi ya moja kwa moja. Jengo lenye fimbo ya radi juu ya paa linataka daraja la 1 pale umeme unapoingilia. Chumba chetu cha baridi kiko mita 30 kutoka paneli kuu, nacho kinahitaji kinga yake, nimeshaagiza.

Chumvi ya hapa haina huruma. Kila baada ya miezi mitatu nafungua, nakaza skrubu, nafuta ukijani wa shaba kwenye baa ya athi. Moduli ya akiba naiweka kwenye kopo la kahawa lenye kifuniko cha kubana, juu ya kabati la ofisi, na zamu zote mbili wanajua lilipo.