Bluzi ya Kaskazini mwa Ulaya: Notodden au Järvenpää?

Kama una siku moja tu, nenda Järvenpää, Finland. Tamasha la muziki wa bluzi la huko, Puistoblues, lilianza 1978, na onyesho kuu hufanyika kiangazi katika bustani ya Vanhankylänniemi, kando ya ziwa Tuusulanjärvi. Ukiwa Helsinki hulazimiki kulala huko: treni ya kuelekea kaskazini inachukua kama nusu saa. Watu huketi kwenye nyasi tangu mchana, kwa hiyo beba mkeka, koti la mvua na sweta. Usidanganywe na jua linalochelewa kutua. Upepo wa ziwani jioni ni baridi kweli.

Notodden, Norway, ni habari nyingine. Tamasha lake lilianza 1988, hufanyika mwanzoni mwa Agosti kwa siku kadhaa, na mji mzima hugeuka ukumbi. Unatoka jukwaa kubwa, unaingia baa ambako mpiga gitaa yuko hatua mbili mbele yako, na hapo ndipo bluzi inasikika inavyostahili: unamsikia hata akigonga mguu sakafuni. Mji una udugu na Clarksdale, Mississippi, mji wa Marekani unaojulikana kwa bluzi, na una Bok & Blueshuset, jengo la maktaba na bluzi pamoja.

Tatizo ni malazi. Mji ni mdogo, vyumba huisha mapema sana. Weka chumba kwanza, tiketi baadaye, au beba hema. Kulala Oslo hakufai: ni karibu saa mbili kwa basi, na maonyesho bora ya baa huanza usiku sana.

Kwa anayependa bluzi hasa, Notodden.