HiAce ya Kugeuzwa Gari la Kulala: Tathmini kwa Mnunuzi wa Tanga

Anayetaka kujitengenezea gari la kulala safarini, lenye kitanda, jiko dogo na tangi la maji, hapa Tanga hana uchaguzi mpana. Barabarani na kwenye yadi atakutana na Toyota HiAce, kisha Nissan Caravan chache na Toyota Coaster. Tathmini hii inahusu HiAce ya kizazi cha H200, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2004, kwa sababu ndiyo inayoletwa kwa wingi kutoka Japani na ndiyo ambayo fundi wa Muheza, Korogwe au Mombo ataifungua bila kusitasita. Hukumu yangu naitoa mapema: ni gari zuri la kuanzia, ila katika mji wa pwani uvungu wake uangaliwe kabla ya injini, na injini kabla ya ukubwa wa bodi.

Wanunuzi wengi hufanya kinyume chake. Huvutiwa na paa refu na rangi inayong'aa, wakati adui wa gari la Tanga ni chumvi, na chumvi huanza kazi yake mahali ambapo macho hayafiki. Lala chini ya gari ukiwa na tochi na bisibisi, ugonge chesisi, vishikio vya springi za nyuma, matao ya magurudumu na sakafu iliyo chini ya reli ya mlango wa kusukuma. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa uvungu mzima si lazima iwe dalili ya matunzo, na ukiikuta ni haki yako kumuuliza dalali imefunika nini. Gari lililotoka Japani juzi nalo lisiaminiwe kwa kuwa ni geni tu, kwani mikoa ya kaskazini ya nchi hiyo humwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji. Kwa gari la abiria kutu ni hasara ya kawaida inayochomelewa ikionekana. Kwa gari la kulala ni hasara maradufu, kwa sababu ukishatandika plaiwudi, ukajenga makabati na kupitisha nyaya za sola, hutaiona tena sakafu hiyo mpaka itoboke.

Kwa sababu hiyo nashauri kuyaepuka magari ya aina mbili hata yakiuzwa kwa bei ya kutupa. La kwanza ni lililokuwa likibeba samaki, kwa maana maji ya chumvi yamevuja kwenye kila kiungo cha sakafu. La pili ni daladala iliyochoka, ambayo sakafu yake imetobolewa kwa boliti za viti na kuoshwa kwa ndoo za maji kila jioni, huku klachi na reli ya mlango zikiwa zimefanya kazi ya magari matatu. Utaitambua kwa namba nyeupe ya biashara; na ukiinunua, panga safari ya TRA ili iandikishwe kwa matumizi binafsi na kupewa namba ya njano. Wakati huohuo uliza, kabla hujakata chuma chochote, ni mabadiliko gani ya bodi yanayotakiwa kuingia kwenye kadi ya gari.

Injini husomeka kwenye herufi za mwanzo za namba ya chesisi. TRH ni petroli, yenye injini ya 1TR ya lita 2.0 au 2TR ya lita 2.7, KDH ni dizeli ya tabo, yaani 2KD ya lita 2.5 au 1KD ya lita 3.0, LH ni ile dizeli ya 5L ya lita 3.0 isiyo na tabo, iliyotengenezwa kwa masoko kama yetu. Wapenda nguvu watakwambia uchukue KDH ya 1KD, na kweli inapanda mlima kwa raha, lakini noseli zake, zinazopuliza dizeli ndani ya injini, hazivumilii mafuta machafu, na mkanda wake wa taimingi lazima ubadilishwe kwa ratiba ambayo muuzaji hana ushahidi wa kuwa aliifuata. Mimi ningechagua TRH ya 2TR. Inakula mafuta zaidi, hilo halina ubishi, ila inatumia cheni badala ya mkanda, na gari la kulala halitembei kila siku kama kipanya. Mwenye haraka ndogo akiipata LH nzima naye hatajuta, mradi akubali kupandisha kutoka Mombo kwenda Lushoto akiwa nyuma ya malori.

Kuhusu ukubwa, kipimo kinachoamua ni upana. HiAce ya kawaida ina urefu wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695, na kwa ndani unabakiwa na takriban mita 1.5, kwa hiyo mtu mzima hawezi kulala kwa kukingama. Kitanda kitalazwa kwa urefu na kula nusu ya chumba. Ile ndefu na pana ina mita 5.38 kwa 1.88, na kwa ndani takriban mita 1.7, hivyo mtu asiye mrefu sana hulala kwa kukingama, na sehemu iliyobaki inatosha jiko na benchi. Paa lake refu, hata hivyo, lisikudanganye: kimo cha mita 2.285 ni cha nje, na ndani wengi wetu bado tutainamisha shingo.

Injini iko chini ya viti vya mbele, na hufikiwa kwa kuviinua, kwa hiyo usijenge kabati litakalozuia jambo hilo. Maelekezo mengi ya wajenzi wa Ulaya hushughulika na baridi. Huku kwetu, ukiacha Lushoto ya mwezi Juni, mateso ni joto, na madirisha ya kusukuma yanayoweza kuwekewa wavu wa mbu yana thamani kuliko sponji nene ya ukutani. Uzito nao uhesabiwe: tangi la lita 100 likijaa ni kilo 100, na HiAce iliyo chini chini haitasamehe uzito huo kwenye njia za Amani wakati wa mvua, wala kwenye udongo mweusi wa Saadani wakati wa masika.

Nissan Caravan ya kizazi cha E25 ina nafasi inayokaribiana na hiyo na mara nyingi bei nafuu, lakini spea zake ukizikosa mjini Tanga, njiani utazitafuta kwa shida zaidi. Coaster yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 ni jambo jingine kabisa: ni ndefu, ni ghali kuiendesha na inahitaji uwanja wa kuegesha, ila kwa familia yenye watoto wawili wanaohitaji kitanda chao, HiAce ya aina yoyote itakuwa ndogo, na fedha za kuipanua zingetosha kuongezea bei ya Coaster tangu mwanzo.