Barakoa au helmeti ya kupumulia: hospitali za Kigoma zinunue kipi kwanza

Kila bajeti mpya inapoandaliwa, wadi ya wagonjwa mahututi hutakiwa kutaja vifaa vya kumsaidia mgonjwa kupumua bila kumwingiza mpira kooni. Mara nyingi mashine yenyewe imeshapatikana, na kinachobaki ni kile kinachogusa mwili wa mgonjwa, yaani barakoa au helmeti. Hapo ndipo nilipoona fedha zikipotea kuliko penginepo. Nimeandika mwongozo huu nikiwafikiria wauguzi, mafundi wa vifaa tiba na maofisa ununuzi wa mkoa wetu, kuanzia hospitali ya Maweni hadi hospitali za Kasulu, Kibondo na Kakonko, kwa sababu kifaa kisichofaa kikishasafiri kutoka Dar es Salaam mpaka huku, kukirudisha ni kazi nyingine yenye gharama yake, na mgonjwa hawezi kuisubiri.

Kabla ya kufungua katalogi yoyote, hesabu oksijeni uliyonayo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu hesabu hiyo peke yake inaweza kuamua ununue nini. Helmeti ni mfuko mkubwa wa plastiki angavu unaofunika kichwa chote na kubana shingoni kwa kola laini, huku mikanda ikipita kwapani ili usiruke juu hewa inapojaa. Kwa kuwa nafasi ya ndani ni kubwa, hewa chafu anayoitoa mgonjwa hubaki humo humo isipofagiliwa na hewa mpya, na inapotumika kwa shinikizo moja lisilokatika huhitaji mtiririko wa lita 40 hadi 60 kwa dakika. Flomita ya kawaida ya ukutani, yaani kipimo cha mtiririko wa oksijeni, inaishia lita 15. Konsentreta nyingi tulizozizoea, zile mashine zinazochuja oksijeni kutoka hewani, hutoa lita 5 au 10, kwa hiyo haziwezi kuiendesha helmeti hata kidogo.

Chukua mtungi mkubwa wa lita 6,800. Mgonjwa wa helmeti anayepewa lita 60 kwa dakika za hewa yenye oksijeni asilimia 60 atatumia takribani lita 30 za oksijeni tupu kila dakika, na kiasi kilichobaki kitakuwa hewa ya kawaida iliyochanganywa. Mtungi huo utakwisha kabla ya saa nne kutimia. Mgonjwa wa barakoa aliyeunganishwa na mashine yenye feni yake, akiongezewa lita 10 za oksijeni kwa dakika, mtungi huohuo utamfikisha zaidi ya saa kumi na moja. Wawili hao hawapati kiwango kilekile cha oksijeni, lakini muuguzi wa zamu ya usiku anayebadilisha mitungi peke yake anaelewa vizuri uzito wa tofauti hiyo.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa barakoa ya pua na mdomo. Ndiyo ya kununua mwanzo kwa hospitali yoyote inayopokea wagonjwa wa ghafla, hasa wenye ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa, ambao shida yao kubwa ni hewa ya kaboni (kabonidioksidi) kujaa mwilini, na wale ambao moyo umeshindwa kusukuma damu hadi maji yakajaa mapafuni. Hutumia hewa kidogo, huvalishwa haraka, na ile ya silikoni iliyotengenezwa kutumika tena husafishwa na kumhudumia mgonjwa mwingine, mradi maelekezo ya mtengenezaji yanaruhusu.

Kasoro kubwa ya ununuzi wake ni moja, nayo inaweza kuua. Barakoa hizi ni za aina mbili: zenye matundu ya kutolea hewa na zisizo nayo. Mashine ya bomba moja inahitaji barakoa yenye matundu, au kiungo chenye tundu kwenye bomba, ili pumzi inayotoka ipate njia. Mashine kubwa ya wadi ya wagonjwa mahututi yenye mabomba mawili inahitaji barakoa isiyo na matundu, kwa sababu pumzi hurudi kwenye bomba la pili. Mara nyingi kiwiko cha bluu, yaani kiungo kilichopinda cha kuunganishia bomba, huashiria barakoa isiyo na matundu, lakini usitegemee rangi. Soma maandishi ya kwenye pakiti.

Mahali nilipowahi kufanya kazi tulipokea boksi la barakoa kumi, zote saizi kubwa, zote zenye kiwiko cha bluu, ilhali mashine yetu ilikuwa ya bomba moja. Usiku wa pili tulimvalisha bibi mmoja ambaye kifua chake kilikuwa kimeharibika kwa miaka mingi ya moshi wa kuni. Kipimo cha kidoleni cha oksijeni kilipanda hadi asilimia 93, nasi tukaona kazi imekwenda vizuri. Baada ya nusu saa bibi alianza kusinzia. Nilimwita, “Bibi, bibi, unanisikia?” akafumbua macho, akayafumba tena. Mwenzangu alipitisha kiganja taratibu kwenye bomba lote, kuanzia usoni hadi kwenye mashine, akitafuta mahali upepo unapotoka, na hakupata. Bibi alikuwa akivuta tena pumzi yake mwenyewe, na kipimo cha kidoleni hakionyeshi hewa ya kaboni. Tulimvua mara moja, tukamwekea oksijeni ya puani kwa kiasi kidogo, kisha tukapachika kiungo chenye tundu tulichokitoa kwenye bomba la zamani na kumrudishia barakoa. Kulipokucha aliomba uji. Tangu siku ile siwezi kuona neno “barakoa” kwenye orodha ya mahitaji bila kuuliza ni ya aina gani.

Jambo la pili ni saizi. Usiagize saizi moja. Agiza ndogo, ya kati na kubwa, pamoja na kadi ya kupimia uso inayotoka kwa mtengenezaji huyohuyo. Barakoa inayofaa huanzia kwenye mgongo wa pua na kuishia chini kidogo ya mdomo wa chini. Ikiwa kubwa mno hewa hupuliza machoni, na muuguzi aliyechoka huikaza mikanda mpaka ngozi ya pua ikachubuka. Vidole viwili vipite chini ya mkanda bila taabu. Uvujaji mdogo hauna neno, kwa sababu mashine nyingi huufidia. Wazee waliopoteza meno mashavu yao huingia ndani na hewa hupenya pembeni. Mwenye meno ya bandia aachiwe ayavae, mradi yamekaa imara. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa mwanzo wa kidonda hauonekani kwa urahisi, hivyo ni lazima kugusa mgongo wa pua kwa kidole ili kusikia joto au ugumu, na kubandika plasta laini ya kinga mapema.

Nafasi ya pili ni barakoa ya uso mzima, inayokaa kuanzia kwenye paji hadi chini ya kidevu. Haikandamizi mgongo wa pua, na humfaa mgonjwa aliyekwisha kuchubuka au mwenye uso usiokubaliana na saizi za kawaida. Mbili au tatu za akiba zinatosha. Suala la matundu linaihusu nayo pia.

Helmeti naiweka nafasi ya tatu, na siiweki hapo kwa kuidharau. Mgonjwa wa helmeti huweza kuzungumza na kunywa maji kwa mrija, na usoni hapati vidonda, ndiyo maana huvumilia saa nyingi. Italia iliitumia sana mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19. Utafiti uliofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 2016, kwa wagonjwa 83 wenye mapafu yaliyojeruhiwa vibaya, ulionyesha kuwa waliolazimika kuingizwa mpira kooni walikuwa asilimia 18.2 upande wa helmeti na asilimia 61.5 upande wa barakoa. Matokeo hayo yanavutia, lakini yalitoka hospitali moja na utafiti ulisimamishwa kabla ya kukamilika. Mwaka 2022 utafiti mwingine wa Saudi Arabia na Kuwait, kwa wagonjwa 320 wa UVIKO-19, ulilinganisha helmeti na huduma ya kawaida ya kupumua, na vifo ndani ya siku 28 vikawa karibu sawa: asilimia 27.0 na 26.1.

Kwa mgonjwa aliyejaa hewa ya kaboni, barakoa humfaa zaidi, kwa kuwa helmeti huchelewa kuitoa. Kelele za ndani ni kubwa, hivyo vizibo vya masikio viagizwe pamoja nayo. Tena hewa ikikatika ghafla, mgonjwa yumo ndani ya mfuko uliofungwa. Usikubali helmeti isiyo na vali ya usalama inayofunguka yenyewe, na usimvalishe mtu mahali ambapo hakuna muuguzi wa kumtazama kila wakati. Hospitali yenye oksijeni ya mabomba, hewa tiba ya kuchanganyia na wauguzi waliofundishwa inunue, ikipima mzunguko wa shingo kwa kila saizi na kukumbuka kuwa nyingi ni za mgonjwa mmoja tu. Hospitali ya mitungi isubiri.

Barakoa ya pua peke yake ni ya mwisho kwa wagonjwa wa ghafla, kwa kuwa anayehema kwa shida hupumua kwa mdomo na shinikizo lote hupotea. Inamfaa zaidi anayetibiwa nyumbani kwa tatizo la kukatika pumzi usingizini. Vichanga wana vifaa vyao, vijiti vifupi vya puani na bomba lililozamishwa kwenye maji, navyo viagizwe peke yake.

Hakikisha kifaa kimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania. Mzigo ukifika, usitie saini hati ya mapokezi kabla hujafungua pakiti moja, ukaiunganisha barakoa na mashine mtakayoitumia, ukaikandamiza kwenye kiganja na kuwasha. Kwa mashine ya bomba moja, lazima usikie upepo mwembamba ukitoka muda wote kwenye matundu. Usipousikia, funga boksi na umpigie simu mzabuni siku hiyohiyo.