Majani makavu ya mkungu kwa tangi la Apistogramma

Kati ya vitu vinavyouzwa kwa ajili ya Apistogramma, samaki wadogo wa jamii ya sikilidi wanaofugwa kwenye matangi, jani kavu la mti wa mkungu linastahili hela yake. Tangi la lita 60 linatosheka na majani mawili makubwa juu ya mchanga laini, wa punje zisizozidi milimita 1. Samaki hawa huubugia mchanga wakitafuta chakula na kuupitisha kwenye mashavu; changarawe inawanyima hilo.

Suuza jani, kisha liloweke kwenye maji ya moto kwa dakika 10 ili lizame. Ukilichemsha mno, tanini, yaani kemikali ya jani inayotia maji rangi ya kahawia, inaishia sufuriani. Siku chache tu maji yanakuwa kama chai ya rangi iliyozimuliwa. Baadaye uso wa jani unashika utando mtelezi, na hapo ndipo utaona vifaranga wa samaki wakidonoa vijidudu, mama yao wa manjano akiwa kando anawachunga.

Wauzaji husifu kwamba majani yanashusha pH, yaani yanaongeza asidi kwenye maji. Kwa maji magumu, yenye madini mengi, sahau: kaboneti iliyomo huimeza asidi yote, rangi inabadilika lakini kipimo hakisogei. Chujio likiwa na mkaa, utoe, unafyonza hata hiyo rangi. Na ukitia majani kumi kwa pupa, bakteria wanaoyaozesha humaliza oksijeni, samaki wakaanza kuhemea juu.

Nunua ya kahawia yaliyoanguka yenyewe. Yenye ukungu mweupe pakitini, rudisha. Likibaki mishipa mitupu na bado kuna vifaranga, liache, ongeza jipya pembeni.