Blanketi la Umeme Lililozeeka: Kuendelea Kulitumia au Kununua Jipya

Mwenye blanketi la umeme lililotumika kwa takriban miaka 10 ana njia mbili: kulikagua na kuendelea kulitumia, au kuliondoa na kununua jingine.

Njia ya kwanza huokoa fedha, lakini ukaguzi wa macho una mipaka yake. Alama za kuungua, waya uliochubuka na plagi iliyobadilika rangi huonekana kwa urahisi. Ila nyaya nyembamba zilizofichwa ndani ya kitambaa, ambazo hudhoofika kadiri blanketi linavyokunjwa kwa kubanwa, hazionekani, na zikiharibika huweza kukusanya joto kali mahali pamoja hadi kitambaa kishike moto. Kulitengeneza nyumbani kwa sindano na utepe (wapo wanaojaribu) ni hatari tupu.

Njia ya pili ina gharama, lakini mablanketi mengi ya sasa hukata umeme joto linapozidi na hujizima baada ya muda uliopangwa, kinga ambazo mengi ya zamani hayana. Kwa umri huo, mimi ningenunua jipya hata kama la zamani bado linapasha joto vizuri.

La zamani lisigawiwe wala kuuzwa, kwa kuwa hatari humfuata mpokeaji. Lichomolewe kwanza, waya wake ukatwe ili lisitumike tena, kisha lipelekwe panapopokelewa taka za vifaa vya umeme. Lisichomwe moto, kwani plastiki yake hutoa moshi wenye sumu.